UZI: Spiro Agnew, wakili wa Towson aliyeanzia bodi ya ardhi ya kaunti, akafika Ikulu ya Marekani, akaangushwa na kandarasi za kaunti ile ile

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Spiro Agnew anajulikana kama Makamu wa Rais wa Marekani aliyejiuzulu tarehe 10 Oktoba 1973, miezi kumi kabla ya Nixon mwenyewe kuondoka. Wengi wanadhani alizama na Watergate, kashfa iliyomwondoa Nixon. Hapana. Watergate haikumgusa. Kilichomwangusha ni mambo ya ngazi ya chini kabisa: barabara za mitaa, mabomba ya maji, mitaro ya majitaka, na wahandisi washauri waliokuwa wakipewa kazi na mkuu wa kaunti kwa hiari yake.

Mimi kazi yangu ni uwakili, na sehemu kubwa ni mashauri ya ardhi. Ndiyo maana kisa hiki nimekifuatilia kwa miaka. Tunakesha kujadili uchaguzi wa rais, lakini ile ofisi inayoamua nani ajenge wapi na nani apewe kazi ya kuchora barabara hatuiulizi hata jina la anayeikalia. Agnew alitoka kwenye ofisi ya namna hiyo. Nitaandika vipande vipande, mwenye swali aulize.

Alizaliwa Baltimore, jimbo la Maryland, tarehe 9 Novemba 1918. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Gargalianoi, Ugiriki, aliyefika Marekani na jina la Anagnostopoulos akalifupisha. Alikuwa na mgahawa. Ulipokuja mdororo mkuu wa uchumi miaka ya 1930 biashara ikafa, mzee akawa anauza mboga barabarani. Kijana Spiro aliingia Johns Hopkins kusoma kemia mwaka 1937, hakumaliza. Akahamia masomo ya usiku ya sheria huku mchana akifanya kazi kampuni ya bima. Hapo kazini ndipo alipokutana na Judy, wakaoana 1942.

Vita vikaja. Alipigana Ulaya akiwa ofisa wa divisheni ya 10 ya vifaru, akafika Bastogne, akarudi na nishani ya Bronze Star. Shahada ya sheria aliipata 1947 pale University of Baltimore. Halafu ikafuata miaka ya kuhangaika ambayo wasimulizi wengi huiruka. Alikuwa mpelelezi wa madai ya bima. Alikuwa ofisa wa wafanyakazi katika maduka ya vyakula. Vita vya Korea vilipoanza akaitwa tena jeshini kwa mwaka mmoja. Ana miaka zaidi ya 30, ana watoto, na uwakili wenyewe haujasimama.

Kilichobadilisha maisha yake ni kuhama mjini.

Mleta mada

Naendelea.

Msome vizuri hapa, maana ndipo kiini kilipo. Kuna Jiji la Baltimore na kuna Kaunti ya Baltimore. Ni mamlaka mbili tofauti kabisa. Kaunti inalizunguka jiji lakini jiji halimo ndani yake. Ndani ya kaunti hamna manispaa hata moja, kwa hiyo serikali ya kaunti ndiyo kila kitu: shule, polisi, barabara, maji, vibali vya kujenga. Makao makuu yake ni Towson, kaskazini mwa jiji.

Mwaka 1950 kaunti hii ilikuwa na watu 270,273. Mwaka 1960 walikuwa 492,428. Katika miaka hiyo hiyo jiji lenyewe lilianza kupungua. Familia za wazungu zilikuwa zinahama mjini kwenda kwenye nyumba mpya zenye bustani, zikisaidiwa na mikopo ya nyumba ambayo Weusi walinyimwa kwa mpangilio maalumu wa mabenki na serikali. Mashamba ya ng'ombe na mahindi yakakatwa viwanja. Barabara kuu ya mzunguko ikakamilishwa 1962.

Agnew alikuwa mmoja wa waliohama. Akaweka ofisi ya uwakili Towson, akanunua nyumba eneo la Loch Raven, akawa mwenyekiti wa kamati ya wazazi na walimu shuleni kwa watoto wake. Alizaliwa katika familia ya Kidemokrati lakini akajiandikisha Republican. Hesabu ilikuwa rahisi: Wademokrati walikuwa wengi, foleni ya kupanda ilikuwa ndefu, na upande wa pili wanasheria walikuwa wachache.

Mwaka 1957 akateuliwa kwenye bodi ya rufaa za matumizi ya ardhi ya kaunti. Ilikuwa kazi ya muda, malipo dola 3,600 kwa mwaka. Gazetini haikuwa habari. Lakini fikirieni bodi hiyo inafanya nini katika kaunti inayokaribia kuongezeka watu mara mbili. Mwenye shamba anataka libadilishwe liwe eneo la maduka. Jirani anapinga. Mwekezaji anataka maghorofa mahali palipopangwa nyumba za familia moja moja. Kila uamuzi wa wajumbe wale unaweza kupandisha thamani ya ekari usiku mmoja. Mawakili wote wa ardhi wanakufahamu, wajenzi wanakufahamu, wahandisi wanakufahamu.

1960 aligombea ujaji wa mahakama ya kaunti. Wagombea walikuwa watano, yeye akawa wa tano.

1961 Wademokrati walioshika baraza la kaunti wakamwondoa kwenye bodi. Wangenyamaza tu na kumwacha amalize muda wake, huenda tusingemsikia tena. Yeye akalalamika hadharani, akasema anaondolewa kwa kuwa hapindishiki, na magazeti yakamwandika. Mtu aliyeshika mkia kwenye ujaji mwaka uliotangulia sasa anajulikana kaunti nzima kama mwadilifu aliyeonewa.

Fundi Sanifu

Mkuu uzi umetulia. Swali: hapa unaposema mkuu wa kaunti, ni kama gavana wa kaunti za Kenya au kama mkurugenzi wa halmashauri kwetu?

Mleta mada

Kaka, ni karibu zaidi na gavana wa kaunti wa Kenya kwa sababu anachaguliwa na wananchi moja kwa moja. Ila kwa kazi za kila siku ana mikono ya mkurugenzi: yeye ndiye anasimamia utekelezaji, bajeti na kandarasi, baraza linatunga sheria ndogo.

1962 Agnew akagombea nafasi hiyo. Kaunti ilikuwa ya Wademokrati kwa miaka na miaka, lakini mwaka huo walikuwa wamegombana wao kwa wao kwenye kura za mchujo na kidonda hakikupona. Agnew akashinda kwa tofauti ya kura kama elfu 17. Akawa Mrepublican wa ngazi ya juu kuliko wote waliochaguliwa kaunti hiyo katika karne ya 20 mpaka wakati ule.

Na tumtendee haki: alifanya kazi. Shule zilijengwa, mishahara ya walimu ikapanda, maji na mitaro ya majitaka ikafika kwenye makazi mapya. Kwenye ubaguzi wa rangi alikuwa mtu wa katikati kwa vipimo vya kusini mwa Marekani. Kulikuwa na bustani ya michezo inaitwa Gwynn Oak iliyokuwa inakataza Weusi kuingia. Julai 1963 waandamanaji mamia, wakiwamo viongozi wa dini, walikamatwa pale getini. Serikali ya Agnew ikakaa katikati, mazungumzo yakafanyika, na bustani ikafunguliwa kwa watu wote tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ile ya maandamano makubwa ya Washington. Alisukuma pia sheria ya kaunti ya kukataza ubaguzi kwenye maeneo yanayohudumia umma. Lakini ilipofika kwenye haki ya Mweusi kununua nyumba popote, alisita. Wapiga kura wake walikuwa wale wale waliohama mjini.

Binti Mzizima

Ndugu mleta mada, mimi nilichosoma ni kwamba Agnew alikuwa mbaguzi aliyewatukana viongozi wa Weusi. Wewe unamchora kama mtetezi. Lipi ni lipi?

Mleta mada

Dada, yote mawili yalitokea, kwa mtu yule yule, ndani ya miaka miwili. Ngoja nieleze.

1966 aligombea ugavana wa Maryland. Mpinzani wake Mdemokrati, George Mahoney, alikuwa na kaulimbiu ya kwamba nyumba yako ni ngome yako, ilinde. Kila mtu alielewa inalindwa dhidi ya nani. Kwa hiyo Wademokrati wapenda mabadiliko na wapiga kura Weusi wa Jiji la Baltimore wakamwendea Agnew kwa wingi. Alipata karibu nusu ya kura zote katika mbio za watu watatu, akashinda. Akiwa gavana alileta kodi ya mapato ya kupanda kwa viwango, akasaini sheria ya kwanza ya jimbo dhidi ya ubaguzi katika nyumba, ingawa ilihusu nyumba mpya tu, na sheria ya zamani iliyokataza ndoa kati ya wazungu na Weusi ikafutwa 1967.

Halafu ikaja Aprili 1968. Martin Luther King aliuawa tarehe 4. Siku hiyo hiyo, kabla ya habari hizo, Agnew alikuwa ameagiza wanafunzi zaidi ya 200 wa chuo cha Weusi cha Bowie wakamatwe. Walikuwa wamefika Annapolis kulalamikia mabweni mabovu. Tarehe 6 ghasia zikalipuka Baltimore, watu sita wakafa, majeshi yakaingia mitaani.

Tarehe 11 Agnew akawaita viongozi Weusi wa jiji kama mia moja. Angalieni aliwaita kina nani: wachungaji, mawakili, wanasiasa, watu waliotembea mitaani usiku kucha wakiwasihi vijana watulie. Walidhani wanaenda kushauriana na gavana waliyempigia kura. Wakakuta kamera za televisheni na hotuba iliyoandikwa. Akawakaripia, akasema wamewaogopa wenye siasa kali na hawakuwakemea. Wengi wakasimama wakatoka kabla hajamaliza.

Mimi kwa maoni yangu hilo ni doa kubwa kuliko bahasha za fedha za kandarasi nitakazozieleza baadaye. Fedha ya kaunti inaweza kurudishwa. Wale wazee waliodhalilishwa mbele ya kamera walikuwa ndio daraja pekee lililobaki mjini wiki ile.

Na hotuba hiyo ndiyo iliyompandisha. Pat Buchanan, kijana mwandishi wa Nixon, akaichukua taarifa ile akampelekea bosi wake. Tarehe 8 Agosti 1968, Miami Beach, Nixon akamtangaza kuwa mgombea mwenza. Nchi nzima ikauliza Spiro ni nani. Miaka sita nyuma alikuwa wakili wa Towson aliyeondolewa kwenye bodi ya ardhi.

Mjukuu wa Gatundu

Wazee wangu huku walikuwa wakisema alifika Kenya wakati wa Mzee. Ni kweli?

Mleta mada

Kweli kabisa ndugu yangu. Julai 1971 alifanya ziara ndefu ya nchi kumi. Afrika alionana na Haile Selassie Ethiopia, Mzee Jomo Kenyatta Kenya, na Mobutu Kongo. Alipokuwa angani kutoka Kinshasa kwenda Hispania akawaambia wanahabari kwamba viongozi Weusi wa Marekani wangejifunza mengi kwa hawa watatu badala ya kulalamika. Wabunge Weusi kule Marekani wakamjia juu. Na mimi naungana nao. Kuchukua viongozi wetu na kuwafanya fimbo ya kuwachapia Wamarekani Weusi wanaodai haki zao kwao si heshima kwetu wala kwao. Sheria ya kulinda haki yao ya kupiga kura ilikuwa na miaka sita tu.

Ukamakamu wa rais sitaurefusha. Nixon hakumpa kazi za maana, zaidi alimtumia kwa hotuba kali dhidi ya vyombo vya habari na waandamanaji wa Vietnam. Ile ya Des Moines, Novemba 1969, ya kushambulia taarifa za habari za televisheni, ndiyo iliyomfanya kipenzi cha wahafidhina. 1972 wakachaguliwa tena kwa kishindo, majimbo 49. Watu wakaanza kumhesabu kama rais wa 1976.

Fundi Sanifu

Turudi kwenye kandarasi mkuu. Mimi ni mhandisi, nataka kujua cha juu kilikuwa kinapita wapi. Zabuni walikuwa hawatangazi?

Mleta mada

Asante kwa swali, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kwa mjenzi wa barabara zabuni zilitangazwa, wa bei ya chini anapewa. Lakini kwa mhandisi mshauri, yule anayechora na kusimamia, hapakuwa na ushindani wa bei. Huduma ya kitaalamu ilichukuliwa kuwa haipimwi kwa bei, kama vile huchagui daktari wa upasuaji kwa kuangalia nani rahisi. Kwa hiyo mkuu wa kaunti, na baadaye gavana, ndiye alikuwa na neno la mwisho kampuni ipi ipewe. Kampuni zenye sifa zinazolingana zilikuwa nyingi. Kaunti inakua kwa kasi ile, kila mwaka kuna barabara, madaraja, mitaro. Ukiwa ndani ya orodha unatajirika, ukiwa nje unafunga ofisi.

Kwa mujibu wa maelezo ya kurasa 40 ambayo waendesha mashitaka waliyaweka mahakamani, mhandisi Lester Matz alikuwa akimpa Agnew asilimia 5 ya ada za uhandisi alizolipwa na kaunti. Agnew alipokuwa gavana mpango ukapangwa vizuri zaidi. Jerome Wolff, mwenyekiti wa tume ya barabara ya jimbo, anajua kampuni ipi inakaribia kupewa kazi. Anamwambia Bud Hammerman, tajiri wa majengo na rafiki wa Agnew. Hammerman anakusanya fedha kutoka kampuni hiyo. Mgawo: nusu ya Agnew, robo ya Hammerman, robo ya Wolff.

Sasa fedha taslimu inatoka wapi kwenye kampuni yenye vitabu vya hesabu? Matz na mwenzake waliwalipa baadhi ya wafanyakazi wao bonasi. Mfanyakazi anaipokea kwenye mshahara, kodi inakatwa, kisha anarudisha taslimu kinachobaki kwa bosi. Kwenye vitabu inaonekana ni bonasi. Kwenye droo ni noti.

Kuna tukio moja ambalo Matz alilisimulia kwa waendesha mashitaka. Agnew tayari ni Makamu wa Rais. Matz alikaa akapiga hesabu kwenye karatasi ya njano ya kiofisi: kazi fulani ya jimbo, ada kiasi hiki, asilimia kiasi hiki, jumla. Akaweka takriban dola 10,000 kwenye bahasha, akaenda Washington, ofisini kwa Makamu wa Rais, akampa mkononi. Deni lilikuwa la kazi za wakati wa ugavana. Mhandisi mwingine, Allen Green, alisema aliendelea kupeleka bahasha zake mpaka Desemba 1972.

Mzee wa Ngarenaro

Mimi naona walimtengenezea. Mtu anakaribia kuwa rais halafu ghafla wahandisi wanajitokeza? Hiyo ni mipango ya wakubwa na vyombo vya habari aliokuwa anawasema.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Hoja hiyo Agnew mwenyewe aliishikilia mpaka kufa, kwamba hakuhongwa, kwamba ilikuwa michango ya siasa ya kawaida Maryland. Lakini tazama waliomchunguza. George Beall, mwendesha mashitaka wa serikali kuu Maryland, alikuwa Mrepublican aliyeteuliwa na Nixon, na kaka yake alikuwa seneta wa chama hicho hicho. Kanda za Ikulu zilikuja kuonyesha jitihada za kumfikia Beall kupitia kaka yake ili apunguze mwendo. Hakupunguza.

Na hawakuanza na Agnew. Walianza na Dale Anderson, Mdemokrati aliyerithi kiti chake kaunti. Mapema 1973 wakachukua nyaraka za kandarasi za kaunti na vitabu vya kampuni za uhandisi. Juni ofisa mtawala wa kaunti, William Fornoff, akakiri kosa la kodi na kukubali kusema. Agnew alikuwa ametoka kaunti Desemba 1966, muda wa kushitakiwa kwa mambo ya wakati ule ulikuwa umeshapita. Kama angekuwa ameacha alipotoka Towson, pengine asingeguswa. Wahandisi walipobanwa kuhusu Anderson, mawakili wao ndio waliosema: mteja wangu ana mtu mkubwa zaidi wa kumtaja, na bado alikuwa anamlipa juzi.

Binti Mzizima

Kwa hiyo waliotoa ndio waliomtaja. Wao walifungwa?

Mleta mada

Dada, ndilo jambo linaloniudhi kama mwanasheria. Baadhi ya mashahidi walipata kinga, wengine adhabu ndogo. Huwezi kumpata mpokeaji bila ushahidi wa mtoaji, hilo nalijua, lakini kampuni zilizojenga utajiri wake kwa mtindo huo ziliumia kidogo kuliko inavyostahili.

Habari ilitoka magazetini tarehe 7 Agosti 1973. Kesho yake Agnew akaita wanahabari akakanusha kwa maneno makali. Tarehe 29 Septemba, Los Angeles, mbele ya akina mama wa Republican, akaapa hatajiuzulu hata akishitakiwa. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Siku kumi na moja baadaye alikuwa amejiuzulu.

Nyuma ya pazia kulikuwa na mvutano wa sheria: je, Makamu wa Rais aliye madarakani anaweza kushitakiwa? Mawakili wake walisema lazima Bunge limwondoe kwanza. Robert Bork, kwa niaba ya serikali, akajibu kuwa Rais ndiye mwenye kinga hiyo, Makamu hana. Agnew akaomba Bunge lianze kumchunguza, Spika Carl Albert akakataa. Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson alikuwa na hofu moja kubwa: Watergate inamla Nixon, akianguka, anayemrithi ni huyu mwenye bahasha. Alitaka atoke haraka kuliko alivyotaka afungwe.

Wakaafikiana. Tarehe 10 Oktoba Agnew aliingia mahakamani Baltimore, mbele ya Jaji Walter Hoffman. Hakukiri wala hakupinga shitaka moja la kukwepa kodi ya mapato ya mwaka 1967, kwa kutotaja mapato ya dola 29,500. Barua ya kujiuzulu ikapelekwa kwa Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nje, kama sheria inavyotaka. Faini dola 10,000 na miaka mitatu ya uangalizi. Jaji alisema wazi kuwa kwa kawaida wakili anayekwepa kodi yeye humpeleka jela, ila ameheshimu ombi la Richardson.

Nixon akamteua Gerald Ford chini ya Marekebisho ya 25 ya Katiba, na Agosti 1974 Ford akawa rais bila kupigiwa kura ya urais wala ya umakamu. Fuateni mnyororo nyuma: rais yule anatokana na kandarasi za mitaro ya majitaka ya Kaunti ya Baltimore.

Mjukuu wa Gatundu

Na uwakili wake? Alirudi Towson?

Mleta mada

Hakurudi. Mei 1974 mahakama ya rufaa ya Maryland ilimfuta kwenye orodha ya mawakili. Akaishi kwa kuwa dalali wa biashara za kimataifa, rafiki yake Frank Sinatra akamkopesha fedha za kulipa madeni. Na Agnew hakuzungumza tena na Nixon, hata Nixon alipompigia simu. Nixon alipofariki 1994 Agnew alikwenda mazikoni. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 17 Septemba 1996, kwa saratani ya damu ambayo ilikuwa haijagunduliwa.

Lakini kuna kesi ya pili ambayo watu hawaisemi, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Wanafunzi wa sheria wa George Washington University, wakiwa na mwalimu wao John Banzhaf, walisema: hizi fedha ni za wananchi wa Maryland, nani anazidai? Wakatafuta walipa kodi wa jimbo waliokubali kusimama kama wadai. Kesi ikavutwa miaka. 1981 jaji akaamuru Agnew alilipe jimbo dola 147,500 pamoja na riba, jumla dola 248,735. Akakata rufaa, akashindwa. Januari 1983 akaandika hundi ya dola 268,482, maana riba ilikuwa inaendelea kukua. Jaji hakumwonea huruma ya kusema ameshalipa faini. Faini ni ya serikali, zile za bahasha ni za jimbo.

Fundi Sanifu

Na yule Anderson aliyemfuatia?

Mleta mada

Anderson alipatikana na hatia 1974, makosa 32, ya kulazimisha malipo na kukwepa kodi, akahukumiwa miaka mitano. Akatumikia sehemu yake akatoka. Mwaka 1982 akagombea ubunge wa jimbo la Maryland kutoka kaunti ile ile, na wapiga kura wakamchagua.